Kachumbari ya Mwezi wa Ndui

Jiko la nyumbani kwetu Iyula lilikuwa la bibi. Nyumba aliijenga baba, mibuni aliipanda baba, lakini kile kibanda cha nyuma, chenye masizi yaliyoning'inia darini kama nyuzi, kilikuwa cha mama yake. Yeye ndiye aliyepika, ndiye aliyepakua, na ndiye peke yake aliyejua chumvi imefichwa wapi. Mama yangu mzazi alipofariki, bibi aliuchukua mwiko, na baba alipooa tena hakuurudisha.

Huyo aliyeolewa nilimwita mama mdogo. Alitoka Kamsamba, kule bondeni kwenye joto, na baba alimpata aliposhuka kutafuta ng'ombe. Alikuja kwetu na nguo mbili nyepesi, akakuta baridi ambayo hakuna aliyemweleza habari zake. Kinyiha chake kiliwachekesha wanawake kisimani, kwa hiyo akaacha kukisema. Akawa anasema Kiswahili tu, na nyumbani kwetu Kiswahili tulikijua baba na mimi, mimi kwa sababu nilikuwa nasoma shule ya misheni. Bibi alikielewa zaidi ya alivyokubali. Mama mdogo alipomsemesha, bibi alinigeukia mimi na kuniuliza kwa Kinyiha, "Anasemaje huyu?" hata kama kilichosemwa kilikuwa shikamoo.

Kazi za mama mdogo zilikuwa kutwanga, kuchota maji, kukata kuni na kupalilia. Chakula aliletewa kimekwisha kupakuliwa, kama mgeni. Jumapili moja alijaribu kuinjika chungu bibi akiwa ibadani. Bibi aliporudi hakugomba. Alimwaga vyote vilivyokuwemo, akakisugua chungu kwa majivu, akaanza upya. Mama mdogo alisimama mlangoni akitazama. Nikimkumbuka leo naona alikuwa msichana tu, ingawa siku zile nilimhesabu kuwa mtu mzima.

Mwaka huo, mvua zilipoanza, baba alivuka mpaka pale Tunduma kwenda kwa dada yake, aliyekuwa amefiwa na mume huko upande wa pili. Hakuwa amekaa sana huko nilipoona chini ya kitanda cha mama mdogo furushi lililofungwa. Naye aliniona nikiliona.

"Usimwambie mtu," akasema. "Kaka yangu anakuja kunichukua."

"Baba anajua?"

"Akirudi atajua."

Sikumwambia mtu. Wala sikumchukia. Nilimwonea wivu tu, kwamba alikuwa na mahali pa kwenda.

Kaka yake alifika jioni moja ya manyunyu, amebeba makapu mawili kwa mti begani. Yalijaa maembe na mapapai, na juu yake ndimu, na chumvi ya Ivuna iliyofungwa katika majani makavu. Nadhani ilikuwa zawadi ya kumlainisha bibi, ili waondoke bila ugomvi. Alitua mzigo, akaketi hapo hapo kwenye matope, akaitikia salamu nusu. Alisema mgongo unamuuma tangu njiani, na kichwa. Kwa kuwa mwanamume mgeni hawezi kulala ndani mwenye nyumba akiwa hayupo, bibi alimtandikia kwenye banda la kahawa.

Walikuwa wamepanga kuondoka alfajiri. Alfajiri hakuweza kusimama, wala kesho yake. Halafu vipele vikamtoka usoni na viganjani. Bibi aliingia bandani kumtazama. Uso wa bibi mwenyewe ulikuwa na mashimo mashimo, tangu usichana wake, kabla hata Wajerumani hawajapanda milima yetu. Alipotoka alisimama mbali nasi, mikono akiwa ameitenga na mwili.

"Msisogee," alisema. "Ni ndui."

Mama mdogo alipiga hatua kuelekea bandani. Bibi akamzuia kwa sauti.

"Nimesema usisogee! Mimi ilishanila. Haili mtu mara mbili." Akaingia jikoni, akachukua chungu kimoja, kata moja na mkeka wake, akahamia kwa mgonjwa. Mlangoni pa banda aligeuka, akatazama jiko lake, kisha akamtazama mkwe wake.

"Mtakula nini?" akauliza.

Aliuliza kwa Kiswahili. Kwa masikio yangu, hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa mama mdogo bila kunipitisha mimi katikati.

Habari ya ndui haifichiki. Jumbe, mkuu wa kijiji, alileta watu, wakakata matawi ya miiba na kuuzungushia ua wetu wote, wakafunga kitambaa chekundu njiani. Nyuma yao akaja dresa wa serikali, mtu wa dawa na chanjo, na kisanduku chake. Mimi nilikuwa na kovu la chanjo ya shuleni, akanipita. Mama mdogo hakuwa nalo. Kule kwao watu wa chanjo walipofika, watoto walikimbizwa vichakani. Dresa alimkwaruza bega la kushoto palepale kwenye pengo la miiba.

"Hakuna kutoka, hakuna kuingia," akasema, "mpaka magamba ya mgonjwa yaanguke yote, na niseme mimi kwa mdomo wangu."

"Ni lini hiyo?"

"Huenda mwezi. Huenda na zaidi."

Mama mdogo aliitazama njia iliyoteremka upande wa bondeni. Wale watu wakabeba tawi la mwisho, wakaliziba pengo mbele ya uso wake.

Majirani walituwekea unga, kuni na mtungi wa maji kwenye jiwe nje ya miiba, kisha wakaondoka mbio. Mboga hawakuleta. Bustani yetu ilikuwa chini mtoni, na kutoka uani tuliyaona majani ya maboga yakinenepa kwa mvua bila mtu wa kuyachuma. Maharage yaliyobaki yalikwisha kupandwa. Kuku wawili tuliokuwa nao bibi alisema ni mchuzi wa mgonjwa. Basi tukala ugali kwa chumvi, tukalala, tukaamka, tukala ugali kwa chumvi.

Chanjo ilimfanya mama mdogo augue. Mkono wa kushoto ulivimba mpaka kiwikoni, asiweze hata kushika kikombe. Mchana mmoja alikuwa ameegemea ukuta wa jiko, midomo imemkauka kwa homa, akaniambia, "Lete kapu moja."

"La maembe? Bibi hajasema tuyafungue."

"Bibi yuko wapi?"

Nikaliburuta kapu mpaka jikoni. Alipolifunua, harufu ya bondeni ikatoka, tamu na ya joto, ikasimama katikati ya ule moshi wetu wa miaka mingi. Akaniamuru nichukue kisu, kwa kuwa yeye mkono wa kushikia embe hakuwa nao.

"Lililolainika tutakula hivi hivi. Mimi nataka lililo katikati. Bonyeza karibu na kikonyo. Likikubali, weka kando. Likikataa kabisa, weka kando. Linalokataa kidogo, ndilo hilo."

Nikabonyeza, nikampa, akalirudisha. Nikabonyeza jingine. Tulipopata manne nikaanza kumenya, na kisu changu kikaondoka na nyama nyingi kuliko ganda.

"Unapasua kuni?" akaniuliza. "Kiache kisu kitembee chenyewe. Shuka nalo kando ya kokwa. Upande huu, sasa upande huu. Kata vijiti, halafu vikate vijiti viwe punje, kama punje za mahindi."

Nyuma ya jiko kulikuwa na vitunguu vichache vya bibi, na kwenye jaa la majivu nyanya ndogo zilizojiotea. Nilivitoa vitunguu ardhini huku nikitazama banda kwa wasiwasi. Mama mdogo alinifanya nivikate vyembamba mpaka machozi yakanitiririka, nivisugue kwa chumvi ya Ivuna, nivioshe, nivikamue. "Ukiviacha na ukali wake vitameza embe lote," alisema. Papai moja lililokuwa limegeuka rangi upande mmoja tu nilikata nusu yake. Pilipili mbili nilizisaga kwa chumvi kwenye jiwe, na ndimu nikaikamulia juu kwa mikono miwili. Nilipochukua mwiko nichanganye, akanishika kifundo cha mkono.

"Si kwa mwiko. Utaviponda. Geuza kwa vidole, kutoka chini kuja juu, kama unavyogeuza mtoto aliyelala."

Kisha akafunika bakuli kwa jani la mgomba, akasema tungoje mpaka kila kitu kitoe maji yake. Katika kungoja ndipo aliponiambia kwamba neno kachumbari alilipata kwa mke wa Mswahili mmoja aliyekuwa ananunua mpunga Kamsamba, na kwamba huko kwao nyakati za joto kali watu hukosa hamu ya chakula chochote cha moto, wakala hii kwa wali baridi, wameketi nje, miguu ndani ya maji ya mfereji. Alisema, "Hapa kwenu sijawahi kusikia joto hata siku moja." Nilimwangalia. Alikuwa anatoka jasho la homa.

Tulipokula, ule ugali ambao ulikuwa unanikwama kooni uliteremka. Kwanza utamu ulikuja, halafu uchachu ukavuta mashavu, na pilipili ikafika mwisho kabisa, wakati mtu amekwisha kujisahau. Nilikunywa mpaka ule mchuzi wa chini kwa kutegesha bakuli langu mdomoni. Mama mdogo alikula polepole, akitazama mlango kana kwamba kuna mtu atakayeingia kumpokonya. Hakuna aliyeingia.

Sauti ya bibi ilitoka bandani. "Mnakula nini huko?"

Mama mdogo aliacha kutafuna.

"Nina pua," bibi akasema. "Nileteeni."

Kati ya jiko na banda kulikuwa na kisiki cha kupasulia kuni. Hapo ndipo tulipoviacha vyakula vyake, tukirudi nyuma kabla hajatoka. Niliweka bakuli la kachumbari iliyobaki, nikarudi, nikamwona akilichukua na kuingia nalo. Baadaye alitoa kichwa nje ya mlango.

"Kesho punguzeni pilipili," akasema.

Baba alirudi kutoka msibani akakuta miiba. Alisimama nje, fimbo mkononi, kofia imelowa. Mimi nilikwenda mpaka nilipoweza kumwona vizuri kupitia matawi, naye akanikataza kusogea zaidi. Aliuliza habari za mama yake, kisha za mgonjwa, kisha akasema:

"Mke wangu je?"

"Mzima. Mkono tu wa chanjo."

"Mbona hatoki nimwone?"

Mama mdogo alikuwa nyuma ya mlango wa jiko, hatua chache tu kutoka kwangu. Alinitikisia kichwa.

"Amelala," nikasema.

"Basi mwambie avumilie," baba akasema kwa sauti kubwa, ya upole, sauti ya mtu anayetaka kufariji. "Mwambie hii ikipita, kila kitu kitarudi kama kilivyokuwa."

Alikwenda kulala kwa mzee wa kanisa. Nilipoingia jikoni mama mdogo alikuwa ameketi chini, kipaji cha uso juu ya magoti, na sikuona haja ya kuufikisha ujumbe.

Baada ya hapo siku zilifanana. Mvua ilinyesha, ikakatika, ikanyesha. Asubuhi tulibonyeza maembe, kwa sababu yaliyokataa kidogo jana, leo yalikuwa yamekubali, na yaliyokuwa mawe yalikuwa yameanza kulegea. Uvimbe wa mama mdogo ulishuka, lakini kisu aliniachia mimi. Tulianza kuudhiana kwa mambo madogo, jinsi ninavyovuta makamasi, jinsi anavyoimba nusu ya wimbo na kuiacha. Mara moja nilitupa kisu chini nikasema sitaki tena maembe, nataka majani ya maboga. Alikiokota, akakata mwenyewe, vibaya, bila kusema nami mpaka jioni.

Siku iliyofuata nililala kifudifudi nikapenya chini ya miiba, pale ambapo maji ya mvua yalichimba. Nilitaka tu kufika mtoni, nichume majani. Nilikuwa nimekwisha kujaza upande mmoja wa nguo nilipomwona rafiki yangu wa shuleni, tuliyekuwa tunakaa benchi moja, akija na mtungi. Nikafurahi, nikamwita. Alipiga yowe. Mtungi ulianguka ukavunjika, naye akakimbia akiita mama yake, na watu waliokuwa mashambani wakasimama kunitazama. Hakuna aliyenirushia jiwe. Walisimama tu. Nikarudi juu, nikapenya tena ndani, na mama mdogo akanitoa miiba mgongoni mmoja mmoja.

"Umeona?" akaniambia. "Mimi nimekaa hivyo hapa kwenu tangu nije."

Krismasi ilitukuta humo humo. Waimbaji wa kanisa walipita njia ya juu, mbali, na upepo ulituletea ubeti na kutunyima kiitikio. Siku hiyo tulikata maembe mengi kuliko kawaida, tukatia ndimu ya mwisho.

Kipindi hicho mgonjwa alikuwa katika hali mbaya kabisa. Mdomo wake wote ulikuwa vidonda, hakuweza kula matunda aliyoyabeba mwenyewe, na bibi alimdondoshea mchuzi wa kuku kwa jani. Alikuwa anaweweseka kwa Kinamwanga, lugha ya kwao, ambayo Mnyiha akitega sikio hukosa machache tu. Mchana mmoja bibi alitoka kuchukua bakuli lake kisikini, lakini badala ya kurudi aliketi kizingitini pa banda. Mama mdogo alikuwa kizingitini pa jiko. Mimi nilikuwa ndani, nyuma yake.

"Ndugu yako anasema sana," bibi akasema.

"Anasemaje?"

"Anamwambia mtu afunge furushi, njia ni ndefu."

Matone yalikuwa yanaanguka kutoka kwenye nyasi za paa.

"Na mimi nilifunga langu," bibi akasema. "Mwaka wa kwanza. Mama mkwe alipoliona alilikalia. Akaleta kazi zake hapo, akachambua ulezi, akala, amelikalia. Alilikalia mpaka nikapata mimba."

"Na wewe utalikalia la kwangu, mama?"

Bibi aliingiza vidole katika bakuli, akatafuna polepole upande wenye meno.

"Mimi niko huku," akasema. "Nitalikaliaje?"

Maembe yaliisha. Yale ya mwisho yalikuwa mabichi kabisa, yasiyokuwa na nia ya kuiva kwenye baridi yetu, tukayakata na maganda yake. Papai la mwisho tulilila likiwa gumu kama boga. Tukarudia ugali kwa chumvi, na sasa ulikuwa mgumu zaidi, kwa sababu ulimi ulikuwa umezoeshwa kitu kingine.

Mgonjwa hakufa. Magamba yalianguka, jicho moja likabaki jeupe. Dresa alikuja, akamkagua mbele na nyuma, akaamuru banda lichomwe na kila kilichokuwamo. Jumbe akawaleta watu wake kuondoa miiba. Baba aliingia akatushika mikono wote, akacheka, akalia kidogo. Bibi alinyolewa, akaoga, akavaa nguo safi, akaenda moja kwa moja jikoni. Nilimsikia akipanga upya vyungu. Jioni hiyo alipika yeye, akapakua yeye, na mama mdogo akaletewa sahani yake ukumbini. Kila kitu kilikuwa kimerudi kama kilivyokuwa.

Kaka yake alikaa kwetu mpaka miguu ilipopata nguvu. Ni baba mwenyewe aliyesema, "Msindikize nduguyo, jicho moja halitamfikisha." Asubuhi ya safari bibi aliinama chini ya kitanda, akalivuta furushi, akamtwika mkwe wake kichwani mbele ya baba. Baba aliona furushi ni kubwa kwa mtu anayekwenda na kurudi. Niliona alivyoliona. Lakini alikuwa mtu asiyependa kuuliza swali ambalo jibu lake litamlazimu kufanya kitu.

Niliwasindikiza mpaka njia panda. Pale nikamshika mama mdogo nguo.

"Nichukue."

Alinitazama, na najua aliwaza, kwa sababu alimtazama kaka yake pia. Kisha akavifungua vidole vyangu.

"Wewe una ukoo hapa," alisema. "Nikikuchukua nitaitwa mwizi. Mimi wataniita mke mbaya tu, hilo naliweza."

Palizi ilipita, mahindi yakakomaa. Baba alishuka Kamsamba kumfuata. Alirudi peke yake, akanawa miguu, akaketi kwenye kigoda mlangoni pa jiko, mahali ambapo hakuwa na kawaida ya kukaa.

"Amesemaje?" bibi akauliza.

"Amesema anawasalimu."

Tangu kumuuguza yule mgeni bibi hakuwa tena na pumzi. Alikuwa anainua chungu, anakiweka, anapumzika, anakiinua tena. Baba alimtazama akifanya hivyo, kisha akanitazama mimi.

"Mama amechoka," akasema. "Kesho usiende shule."

Nilikwenda tena mara moja tu, kurudisha kibao cha kuandikia. Mwalimu alikipokea, akafuta kwa kiganja hesabu zangu zilizokuwa bado hazijasahihishwa, akampa mtoto mwingine aliyekuwa anaandika kwenye vumbi. Aliniambia nisubiri nisali pamoja na darasa. Nikamwambia siwezi, moto nimeuacha unawaka.